Nyumba ya Bibi Hessa

Mwanamkuu hakuwa mtu wa kubabaishwa na marumaru. Kwa miaka kumi na minne aliyokaa Doha alikuwa ameshapiga deki marumaru za kutosha. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 2014, walipoingia kwenye ukumbi wa ile nyumba ya wazee jirani na Pearl, mtaa wa matajiri, hakuitazama dari wala ile chemchemi iliyokuwa ikimwaga maji katikati ya sakafu. Alikisukuma kiti cha magurudumu cha Bibi Hessa mpaka mahali pasipo na upepo wa kiyoyozi, akamfunika magoti kwa shali, akaanza kunusa.

"Unanusa nini?" Nura, binti wa Bibi Hessa, alimwuliza kwa Kiarabu.

"Mkojo. Haupo. Haya, hapo wamepita."

Nura alicheka. Kwa karatasi yeye ndiye mwajiri, lakini Mwanamkuu alikuwa wa Bibi, na Bibi wa Mwanamkuu. Tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kulia na kumnyang'anya sauti, hakuna aliyemwogesha wala kumlisha isipokuwa huyu Mpemba. Sasa daktari alikuwa amesema Bibi anahitaji manesi wa saa zote, na familia ilikuwa na nyumba mbili za kuchagua. Hii ya Pearl ilimruhusu mgonjwa aje na mhudumu wake, tena ikampa mhudumu kitanda pembeni. Ile ya pili, nyuma ya maduka ya Najma, haikuruhusu. Nura alishasema bila kuzunguka: wakichukua hii, Mwanamkuu anabaki na Bibi, wakichukua ile, hana kazi nyingine ya kumpa, itabidi arudi kwao Wete.

Basi Mwanamkuu aliingia akiwa ameshaamua kuipenda.

Wakaletewa kahawa, ile ya Kiarabu yenye iliki, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Nesi aliyekuja kumpima Bibi ndiye aliyemimina. Bibi akanywa kwa mkono wake mzima wa kushoto, kisha akakitikisa kikombe. Nesi akamimina tena. Bibi akatikisa tena. Nesi akakitazama kile kikombe kwa huruma, akatoa kalamu, akaandika kwamba mkono wa kushoto unatetemeka, na kwamba daktari ataanzisha dawa.

"Hatetemeki," alisema Mwanamkuu. "Anasema basi, ametosheka. Hapa Doha kila mtu akitosheka kahawa hutikisa kikombe. Na huyu, tangu asiweze kusema, anatikisa kila asichokitaka. Akitikisa kijiko, ameshiba. Akitikisa rimoti, zima televisheni."

"Ahaa," nesi alisema, akatabasamu vizuri sana, akafunga faili. Hakufuta kitu.

Kwa kutojua, Mwanamkuu hakumlaumu. Yeye mwenyewe, wiki yake ya kwanza nchini, alimmiminia mgeni wa Bibi vikombe tisa. Mgeni anatikisa, yeye anadhani anakung'uta machicha, anajaza. Mgeni maskini aliona haya kumkatalia, akanywa vyote, na Bibi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kutojua kunatibika. Lakini kuambiwa na usifute!

Walipozungushwa vyumbani aliona jambo la pili. Mzee mmoja alikuwa kitandani na trei ya chakula mbali na mkono wake, mchuzi umeshaganda. Mwanamkuu akauliza. Akaambiwa mhudumu wake amekwenda kushughulikia pasipoti, atarudi kesho kutwa. Mwanamkuu akamsogezea mzee ile trei, akamkatia nyama. Alikuwa ameelewa kile kitanda cha pembeni kiliwekwa kwa ajili ya nini.

Garini, Vuai dereva, mtu wa Makunduchi, alimsoma usoni.

"Usiniambie umeikataa."

"Bado sijasema."

"Mwanamkuu, una wazimu? Kitanda wamekupa, chakula wamekupa. Nyamaza kimya ukae na bibi yako!"

"Na nikiugua? Nikiitwa nyumbani msibani? Atamlisha nani?"

"Weye huugui hata mafua."

"Endesha gari, Vuai."

Nyumba ya Najma ilikuwa ya kawaida kabisa. Rangi ilikuwa imebanduka mlangoni na lifti ilikuwa na mlio. Nesi wa zamu alikuwa Mkenya, Damaris, mwanamke mnene mwenye viatu vya kimyakimya. Alimkaribisha Bibi, akampa maji. Bibi akanywa kidogo, akatikisa kikombe. Damaris akaongeza maji. Bibi akatikisa kwa nguvu zaidi, maji yakamrukia nesi kifuani.

Damaris akaweka jagi chini. Akamgeukia Mwanamkuu, akamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe ndiye unamjua. Hapo ananiambia nini?"

Mwanamkuu akamweleza. Damaris akamgeukia Bibi, akamwomba radhi kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, kisha akawaita wenzake wawili waliokuwa zamu. "Kujeni muone hii. Huyu akitikisa kitu, hataki. Mtu asimlazimishe." Akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, akasema itabandikwa juu ya kitanda, na wa zamu ya usiku ataambiwa.

Mwanamkuu alitaka kumchukia mwanamke yule. Alimtafutia kosa kuanzia kucha mpaka kitambaa cha kichwa, hakuliona.

"Na mhudumu wake hawezi kulala hapa? Hata chini?"

"Haiwezekani, mama. Pole. Kazi ni yetu, tukiikosea mtushike sisi."

Jioni Nura alimkuta jikoni. Alikuwa ameshikilia vijitabu vya nyumba zote mbili, na kile cha Pearl kilikuwa juu. "Kaka anasema ile ya kwanza. Na wewe utakuwepo. Si ndivyo?"

"Najma," alisema Mwanamkuu.

"Unajua maana yake kwako?"

"Najua. Kule Pearl Bibi atatunzwa na mimi. Najma atatunzwa na nyumba nzima. Mpeleke Najma, na kaka yako mwambie mimi ndiye niliyesema."

Nura akakitupa kile kijitabu cha juu kwenye pipa la taka.

Kumwambia Bibi ndiyo ilikuwa kazi. Mwanamkuu alipiga magoti, akamweleza yote bila kumficha, mpaka tarehe ya ndege. Bibi akageuza uso ukutani. Siku tatu hakumtazama, na siku ya kuhama aliingizwa garini amenuna vilevile. Mwanamkuu alijua amefanya sawa, hilo halikumtikisa hata kidogo. Lakini kununiwa na Bibi kulimuuma kuliko tiketi.

Alingoja siku tano, akaenda Najma Ijumaa baada ya sala. Ilikuwa imebaki wiki moja aondoke. Alisimama mlangoni pa chumba cha kulia, asionekane. Bibi alikuwa mezani na wanawake wawili wa rika lake, amepakwa hina, na Damaris alikuwa akimlisha supu ya dengu polepole, akingoja ameze. Wivu ulimpanda Mwanamkuu hadi kooni, tusidanganyane. Na furaha nayo ikampanda humohumo.

Bibi akamwona. Hakuharakisha. Alimeza kwanza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaupigapiga mgongo wa kiti kitupu kilichokuwa ubavuni pake.

"Anakuita uketi, mama," alisema Damaris. "Tangu aje hataki mtu akikalie hicho kiti. Jana daktari alijaribu, akafukuzwa."

Mwanamkuu akaketi. Alilia waziwazi mbele za watu, wala hakujifuta. Bibi akamshika mkono, akafungua kinywa kusubiri kijiko kingine.