Sentensi Moja ya Bwana Laidlaw

Agatha Sawatzky alipowakuta wazee wawili mlangoni mwa ukumbi, kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima kama anayemsukumia tusi, alitamani kugeuka, arudi kwenye gari lake na awaache wagande hapo hapo.

"Tangulia wewe, Bwana Prystupa," alisema Murdo Laidlaw, mwenyekiti wa Taasisi ya Wahasibu. "Mdogo hutangulizwa."

"Mdogo kwa umri, si kwa wingi wa watu," alijibu Orest Prystupa, mwenyekiti wa Umoja wa Wahasibu. "Wewe ndiye mkubwa. Pita, mzee wangu, pita."

"Piteni wote wawili!" alifoka Agatha. "Mnatuingizia baridi yote ya Winnipeg ndani!"

Walipita pamoja, wakabanana mabega kwenye fremu ya mlango, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Agatha alikuwa mwanachama wa Taasisi, na kazi yake hasa ilikuwa kukagua hesabu za vyama vya wakulima wa ngano. Vyama vyote viwili vilimteua awe katibu wa kamati ya muungano kwa sababu moja tu: hakukuwa na mtu aliyemwogopa. Baada ya miaka mitatu ya vikao, walikuwa wameanza kumwogopa. Miaka mitatu! Walibishana kuhusu nembo. Wakabishana kuhusu picha ya nani itundikwe ukutani, na ipi iwe juu ya ipi. Kikao kizima kiliteketea wakibishania kama mkutano wa kupiga kura utakuwa na chai au kahawa. Mume wake, Cornelius, aliacha kabisa kumuuliza habari za kazini. Akimwona anaingia na kutupa mkoba sofani, alijua leo tena wametwanga maji kwenye kinu.

Na chini ya ugomvi wote huo kulikuwa na jambo moja, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyetaka kulitaja.

Taasisi ilianzishwa kabla ya vita vya kwanza, na Waskoti wachache waliokutana kwenye chumba cha nyuma cha benki. Ilikua haraka, kwa sababu walijipatia sheria iliyosema kwamba hesabu za kampuni zitiwe saini na wao tu. Kisha ikaja miaka ya thelathini, miaka ya ukame na njaa, na karani mmoja wa reli, Nykola Prystupa, akaomba kujiunga. Alikuwa amefaulu mitihani yote. Wakamwita mbele ya baraza, wakamwuliza jina lake linatamkwaje, wakacheka, wakamwambia arudi nyumbani. Nykola hakulala na uchungu wake. Alianza kufundisha uhasibu jioni katika chumba cha chini cha ukumbi wa Waukraini, akiwafundisha makarani wenzake, Wapolandi, Wayahudi, yeyote aliyefungiwa mlango. Hivyo ndivyo Umoja ulivyozaliwa. Baada ya vita vya pili vijana walirudi wakitaka kazi za kalamu, na Umoja ukaumuka kama unga wenye hamira. Sasa, mwaka 1974, Umoja ulikuwa na watu bila sheria, na Taasisi ilikuwa na sheria huku watu wakiipungua. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na kila mmoja angekubali kung'olewa jino kuliko kulikiri hilo.

Orest hakudai picha wala nembo. Wengine ndio waliodai hizo. Yeye alidai sentensi moja: mwenyekiti wa Taasisi aseme mbele ya wanachama wote kwamba Nykola, baba yake Orest, alikataliwa kwa sababu ya jina lake, si kwa sababu ya kazi yake.

Sentensi hiyo ilimla Agatha msimu mzima wa baridi. Mara ya kwanza Laidlaw aliandika kwamba maombi ya Nykola "hayakukamilika." Agatha akairudisha. Mara ya pili akaandika kwamba "palitokea kutoelewana." Akairudisha tena. Mara ya tatu Agatha alimfuata mzee hadi nyumbani kwake, akavua viatu vya theluji, akaketi bila kukaribishwa.

"Bwana Laidlaw, unanizungusha kwa nini?"

Mzee akasema, "Aliyeongoza baraza siku ile ni Hector, ami yangu. Baba yangu alifia vitani Ufaransa. Hector ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanifunza kazi hii. Unataka nisimame mbele za watu nimvue nguo marehemu?"

"Sitaki umvue nguo. Nataka uwaombe radhi waliofungiwa mlango."

"Ni kitu kile kile, mama."

"Basi ni kile kile. Utasema au husemi?"

Alikubali, kwa kichwa tu. Agatha alirudi nyumbani akidhani mambo yamekwisha. Ulikuwa ujinga wake.

Sasa, siku hii ya kura, ukumbi ulijaa. Watu wa Taasisi walikaa kulia, watu wa Umoja kushoto, na ujia katikati ulikuwa mpana kama mto. Laidlaw alipanda jukwaani. Akahutubia kuhusu waasisi, kuhusu maadili ya kazi, kuhusu karne inayokuja. Agatha, kiti cha mbele, alikuwa akiifuata hotuba hiyo kwenye nakala yake kwa kidole. Alipofika kwenye sentensi ile, Laidlaw alikohoa, akanywa maji, akaendelea na aya iliyofuata.

Hakuisema.

Kushoto, Orest alisimama na kuchukua koti lake. Safu yake ikasimama. Kisha safu ya nyuma yake. Viti vilikwaruza sakafu, na watu wakaanza kuelekea mlangoni.

Agatha hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni kabla yao. Alijikuta tu ameupa mgongo, mikono ameipanua.

"Rudi ukae, Orest."

"Nipishe, dada. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Umengoja tangu baba yako yu hai, ngoja dakika moja zaidi." Kisha akapaza sauti juu ya vichwa vya watu wote. "Na wewe, Bwana Laidlaw! Umeruka mstari!"

"Mama Sawatzky, hujapewa nafasi ya kuzungumza," alisema mtu mmoja upande wa kulia.

"Nafasi nimejipa! Miaka mitatu nimewabeba nyinyi kama watoto wa kunyonya, mmoja analia, mwingine ananyea! Ami yako alikulea vizuri, mzee, hakuna anayebisha. Mtu aliyelelewa vizuri husoma alichoahidi kusoma!"

Laidlaw aliangalia karatasi, halafu akaiweka kando. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa ndogo kuliko ile ya hotuba.

"Mwaka ule Taasisi ilimkataa Nykola Prystupa," alisema. "Alikuwa mhasibu hodari. Tulimkataa kwa sababu ya jina lake." Akainua macho. "Aliyemkataa ni ami yangu, Hector, mtu niliyempenda kuliko wote. Alikosea. Sijapata kulisema hili kwa mtu yeyote."

Orest alibaki amesimama na koti mkononi. Watu wote walimtazama, wakingoja atakachofanya. Alirudi polepole, akaketi, akalikunja koti lake juu ya magoti na kuanza kulipapasa kama paka. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu wake nao wakaketi.

Kura zilipigwa kabla ya chakula. Muungano ulipita kwa wingi mkubwa, na wanawake waliohudumu ukumbini wakaleta pirohi, vijiandazi vya kuchemshwa vyenye viazi ndani, na majani ya kabichi yaliyoviringishwa na wali ndani. Kwa mara ya kwanza watu wa kulia na wa kushoto walijipanga foleni moja.

Agatha alikuwa ndiyo kwanza anatia pirohi ya pili mdomoni alipowaona wazee wale wawili wakimjia, sahani mikononi, nyuso zimekunjamana.

"Ni kuhusu jina la chama kipya," alianza Laidlaw. "Mwenzangu anasema neno Umoja lianze."

"Yeye anasema Taasisi," alisema Orest. "Tumekubaliana iundwe kamati ndogo. Na katibu..."

"Thubutuni!" alisema Agatha, mdomo umejaa. "Mshenga huishia mlangoni. Chumbani mtajijua wenyewe."

Akachukua sahani yake, akaenda kukaa meza ya watu asiowafahamu hata mmoja, akala mpaka akashiba.