Saini ya Dada

Kazi yangu ya kwanza ya picha za mitindo niliipata kwa bahati nikaiharibu kwa kiburi. Nasema kiburi kwa sababu watu hupenda kusingizia ujinga. Mjinga huuliza, mimi sikuuliza.

Mwenye kazi alikuwa mbunifu wa mavazi, wenyewe wakimwita Mama Mitindo. Alinivika kilemba cha ukoka tangu mlangoni, eti jicho langu halina mfano, nami kichwa kikavimba. Nikawasha taa, nikatandaza kitambaa cheupe ukutani, nikapima mwanga mara tatu. Saa nne ikafika, mwanamitindo hakuonekana wala simu hakupokea.

Aliyetokea ni dada yangu mkubwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa amepita kuniletea betri niliyoisahau nyumbani. Mama Mitindo alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Huyu huyu," akasema. "Mvalisheni."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Na vumbi langu la chaki?" Kisha akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, nitasimama kwa ajili yako. Lakini picha ni za nguo hizi tu. Wakitaka kuzipeleka kwingine, uniulize kwanza."

"Dada, nani atazipeleka kwingine? Niamini."

"Nakuamini," akasema, akaenda kuvaa.

Sijapata kupiga picha nzuri kama zile. Tulipomaliza dada alirudi shuleni mbio, na hapo ndipo msaidizi wa Mama Mitindo alipoleta karatasi: mkataba wangu, kurasa nne, na fomu ya ridhaa ya aliyepigwa picha. Mkataba niliufungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, nikatia saini huku napiga soga. Nilitaka waone nimezoea.

"Hii fomu aisaini mwenyewe," msaidizi akasema. "Mpelekee tu shuleni, tutasubiri."

"Ya nini usumbufu wote huo? Yule ni damu yangu."

Nikaandika jina la dada, nikamtilia na saini.

Miezi saba baadaye dada aliingia kwangu bila hodi. Kwenye dirisha la duka la dawa, jirani na shule yake, kulikuwa na tangazo la krimu ya kujichubua. Lilikuwa na sura yake mara mbili. Kushoto wameifubaza, wameandika "Kabla". Kulia wameikwangua weusi wote, wameandika "Baada". Wanafunzi walikuwa wameshaanza kumwita Mwalimu Kabla.

"Wewe ndiye uliyewapa?"

"Wameiba," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na lilipotoka sikulirudisha.

Alipoondoka niliutafuta mkataba, nikausoma kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tatu: hakimiliki ya picha zote ni ya kampuni ya Mama Mitindo, nayo yaweza kumuuzia yeyote, kwa matumizi yoyote. Hata mimi niliyezipiga nisingeweza kuzitumia bila ruhusa yao. Fomu ya dada nayo ilikuwa imekubali hayo hayo. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, ameshaomba ruhusa shuleni, amevaa gauni lake la vikao. Alikuwa anakwenda kwenye ofisi za kampuni kunitetea.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ngazi za ghorofa tatu. Dada alipanda mbele, mimi nyuma, na kila ghorofa nilisema nitamwambia kwenye inayofuata.

Mwanasheria wa kampuni alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha zaidi.

"Mdogo wangu ameibiwa kazi yake," dada akamwambia, "na mimi nimeibiwa uso wangu. Sikutia saini karatasi yoyote. Naapa mbele ya Mungu, na marehemu mama yetu anisikie."

Mwanasheria akafungua faili, akamsogezea fomu. "Hii si saini yako, Mwalimu? Kama si yako, picha zinaondolewa leo hii. Ila aliyeighushi tutampeleka polisi."

Dada aliisoma fomu yote, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kuisoma mimi. Akafika chini. Mwandiko wangu anaujua. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikijifunza kuandika. Uso ukamsawijika. Hakunigeukia.

Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Niliwaogopa polisi, nikaogopa jina langu kuchafuka kabla halijajulikana. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nikasubiri dada aniokoe.

"Ni yangu," akasema. "Nilisahau."

Mwanasheria akafunga faili. Tangazo lingebaki miaka miwili, mpaka muda wake uishe.

Kwenye ngazi nikaanza, "Dada, nisamehe, siku ile nilikuwa na haraka..."

"Ya siku ile nayaelewa," akasema. "Haraka, ujana, kupenda sifa. Lakini leo umeniacha nipande ngazi zote hizi. Umeniacha niape kwa marehemu mama, kisha nikikane kiapo changu mwenyewe, na wewe umekaa kitako unasikiliza."

Nilitamani anitukane, hata anizabe kofi palepale. Aliniomba tu nimpishe, maana wanafunzi wake walikuwa wanamsubiri.