Marumaru za Kuanikia Udaga

Msimu mzima Suzana aliikwepa safari ya kwenda kuchagua marumaru. Leo mvua, kesho mguu unauma. Mumewe, Gidioni, alidhani ni ubahili umempanda, kumbe mwenzake alikuwa anaomba Mungu sakafu ibaki vumbi. Tangu watoke kule Ziwa Victoria na ng'ombe wao hadi hapa Kilimarondo, huku kusini, kila nyumba waliyojenga ilikuwa ya kuondoka. Lakini nani aliwahi kuhama akabeba sakafu ya marumaru? Ikishawekwa hiyo, kwao hawarudi tena.

"Twende, Mama Paschal," Gidioni alisema siku visingizio vilipokwisha. "Watu wa hapa bado wanatuona wapita njia."

Dukani Nachingwea, Yasmini mwenye duka aliwaonyesha zenye maua, za rangi ya maziwa, na nyeupe zinazong'aa. Gidioni aliuona uso wake ndani ya moja akafurahi kama bwana harusi. Suzana alizipita tu, hadi pembeni alipokuta moja ya kijivu, yenye madoa meusi na ya kukwaruza. Akavua kandambili, akaikanyaga.

"Hiyo ya nje, dada, au bafuni," Yasmini alisema. "Sebuleni itakushikia uchafu."

Suzana hakumsikia. Kimawazo alikuwa juu ya jabali la nyuma ya nyumba ya kwao, binti mdogo, anaanika na mama yake vipande vya muhogo vya udaga, jiwe linaunguza nyayo. Alitamani kuwa na mama yake.

"Nyeupe weka ndani," alimwambia mumewe. "Hii naitaka barazani."

Gidioni alicheka, lakini akakubali. Alijua ni bahati hata kumfikisha dukani.

Fundi alipomaliza, Suzana hakuishughulikia sebule. Alisubiri jua liichome baraza, akamwaga udaga wake pale.

"Sisi makopa, huo udaga wenu, tunaanika kwenye mkeka," jirani yake Mwamina alimtania. "Nyie mnayatandikia marumaru."

Akiwa anaugeuza udaga kwa mkono mmoja, Suzana alimpigia mama yake simu. Mama huyo, ambaye siku hizi kumbukumbu zinamponyoka, alisikiliza vipande vikigongana juu ya jiwe.

"Uko jabalini?" aliuliza. "Maliza basi uje ule, mwanangu. Ugali unapoa."

Suzana aligeuza kipande kingine.

"Naja, mama," alisema.