Picha ya Wote Pamoja

Lorelie alipofungua picha ya kwanza kwenye kompyuta, Tatay Crisanto alikuwa na kichwa na mabega tu. Kuanzia kifuani kushuka chini ilikuwa kijivu kitupu. Ya pili, mistari ya zambarau ilimkata uso. Ya tatu iligoma kabisa kufunguka.

Mzee mwenyewe, ambaye watu wote walimwita Tatay, yaani baba, alikuwa amefariki alfajiri hiyo. Jumapili iliyotangulia Lorelie, mpiga picha wa mji wao wa Guimbal, alikuwa amempiga picha na wanawe wote, kwa kuwa binti mkubwa, Arsenia, alikuwa amerudi kutoka Jeddah alikokwenda kufanya kazi za ndani mdogo wao wa mwisho akiwa bado ananyonya. Hawakuwahi kusimama wote pamoja kabla ya hapo. Sasa Arsenia alikuwa mlangoni, macho yamemvimba, amefuata picha ya kuweka juu ya jeneza.

"Nanay anataka ile tuliyosimama sote," alisema, akimaanisha mama yake.

"Ngoja kidogo, Ate," Lorelie alisema, akimwita dada kwa heshima. "Kompyuta inasumbua."

Arsenia akasogea, akaona. "Mungu wangu! Umemfanya nini baba yangu?"

"Sijamfanya kitu. Zimeharibika zilipokuwa zikihama."

"Zikihama kutoka wapi kwenda wapi? Kamera hii hapa, kompyuta hiyo hapo!"

Lorelie aliichomoa kadi ya kamera, ile inayohifadhi picha, akaiweka kando, isije ikaandikwa kitu kingine juu yake. Akatia kadi nyingine, akampiga picha paka aliyelala dirishani. Kwenye kamera paka alikuwa mzima. Alipoipitisha kadi kwenye kidude cha kusomea kadi, kilekile alichohamishia picha za Tatay, paka akaingia kwenye kompyuta bila miguu. Akaunganisha kamera kwa waya wake, paka akaingia mzima.

"Ubovu ni wa hiki kidude," alisema, akakitupa mezani.

"Kwa hiyo zile nzuri bado zimo kwenye kadi?"

"Zingekuwemo kama ningezinakili. Mimi nilizihamisha, Ate. Zilipoingia huku, kule zikafutika."

Arsenia akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Lorelie angependa atukane.

Akavuka barabara hadi duka la kuchapisha, akaazima kisomeo kingine. Akafungua programu ya kufufua faili zilizofutwa, akaielekeza kwenye kadi. Picha zikaanza kujitokeza moja moja, lakini nyingi zilikuwa za gwaride la wanafunzi. Hapo akakumbuka. Juzi alikwenda kwenye gwaride na kadi hiyohiyo, na picha mpya zilikuwa zimekalia nafasi za zile za Tatay.

"Ile ya wote?" Arsenia aliuliza.

"Haipo."

Iliyopona vizuri ilikuwa moja. Tatay Crisanto anamnyoosha binti yake kola ya blauzi, mdomo wazi, katikati ya maneno, kabla hawajapangwa mstari.

Arsenia aliitazama sana. "Hapa alikuwa ananisema. 'Umekonda kama fimbo, hao matajiri wako wanakula peke yao?'" Akacheka, kisha akaangua kilio, na Lorelie hakujua pa kuweka mikono yake.

Wakaichapisha kwenye lile duka, wakaenda nayo pamoja. Nyumbani wanaume waliokuja msibani walikuwa wakicheza karata uani, kama ilivyo desturi ya huko, na mtu akamtilia Lorelie kikombe cha kahawa. Nanay Rosing, mjane, aliishika picha kwa mikono miwili.

"Wengine wako wapi?"

"Picha nyingine zimeharibika, Nanay," Lorelie alisema. "Kosa ni langu."

Bibi hakumwambia haidhuru. Aliiweka picha juu ya jeneza, akainyoosha, akauliza akiwa bado amempa mgongo.

"Kamera unayo?"

"Ninayo, Nanay."

"Basi waite. Karata ziachwe. Tusimame sote, naye akiwemo."

Yeye na wanawe wakajipanga pande mbili za jeneza. Mdogo wao alikuwa na karata bado mfukoni mwa shati. Lorelie akapiga, akaikuza kwenye kioo cha kamera akikagua uso baada ya uso, akapiga tena. Katika picha zote, kila mtu alitazama kamera isipokuwa Arsenia.

"Ate, tazama huku kidogo."

"Piga tu hivyohivyo," Arsenia alisema, macho yake kwa baba yake.