Nikinyamaza, Twende

Watu wakisikia sauti yangu hunipa pole ya mafua. Nimechoka na pole hizo. Sina mafua. Nina baridi yabisi, ile inayokula viungo, na ilipomaliza kuvikunja vidole vyangu ikapanda kooni. Nami nilishangaa kusikia kwamba kooni kuna viungo. Daktari aliniingizia kamera nyembamba puani, akanionyesha: nyuzi za sauti hufunguka na kufungika kwa viungo viwili vidogo, na kimoja changu kilikuwa kimevimba, hakisogei. Akanibadilishia dawa, akanionya kwamba nikianza kukosa pumzi nisingoje kesho, nikimbilie hospitali. Kuhusu sauti alisema huenda ikarudi, huenda isirudi.

Dada yangu hakumwamini. Alileta tangawizi, akaleta asali, akaleta chumvi ya kusukutua, na mwisho akamleta jirani yake anikande shingo. Huyo nilimtoa nje kwa ishara.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Shule ni ya mume wa dada yangu, na kwa shemeji yangu huyo, ualimu wa udereva ni koo. Yeye hufundisha kwa kupayuka. Akiwa barabarani na mwanafunzi, wenye maduka wote wanajua ni gia gani imekosewa. Sauti yangu ilipoanza kukwaruza alinivumilia. Ilipofika mahali inatoka leo, kesho haitoki, akaniita ofisini kunionyesha dawati jipya karibu na dirisha. Kazi yangu itakuwa kupokea wageni. Nikamuuliza, kwa mkwaruzo wangu huohuo, asiye na sauti anapokeaje wageni. Akasema nitatabasamu. Nikamwambia meno yangu hayatafuti kazi.

Yeye hakujua kwamba nilishajipanga. Tangu sauti ianze kunikimbia nilikuwa nikifundisha kwa mwiko. Ni mwiko wa mbao wa jikoni, mpini nimeuzungushia kitambaa mpaka ukanenepa, maana vidole vyangu haviwezi tena kukamata kitu chembamba. Naugonga kwenye dashibodi. Nikigonga mara moja, punguza mwendo. Nikigonga mara mbili, simama. Nikinyamaza, twende. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana mwanafunzi akiona kimya hudhani ametelekezwa, anataka kugeuka anitazame. Namzoeza mpaka atulie. Chini nina breki yangu ya mwalimu, na mguu wa kuikanyaga, namshukuru Mungu, bado unanitii. Asubuhi viungo huwa vimekakamaa, kwa hiyo masomo yangu huanza jua likishapanda. Wanafunzi wakanibatiza Mama Mwiko. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi.

Shemeji alipoujua mwiko aliuita mchezo wa jikoni. Basi nikamwambia apande kiti cha nyuma ajionee mwenyewe. Akiona sifai, nitakwenda kwenye dawati lake na kutabasamu mpaka astaafu. Akakubali mbele ya walimu wenzangu wote. Niliogopa, sifichi. Nyumbani siku hizi nafunguliwa chupa ya maji na nafungwa vifungo vya blauzi. Kwenye gari ndiko watu hunisubiri mimi niamue.

Siku yenyewe niliamka sina sauti kabisa. Nilifungua mdomo nimwite dada, aliyekuwa amekuja kunisaidia kuvaa, ikatoka hewa tupu. Vidole navyo vilikuwa vimevimba. Nikakaa kitandani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha nikanawa uso na kuuchukua mwiko wangu.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyechoka kuomba lifti akiwa na marobota ya vitambaa. Shemeji aliingia nyuma, akachomoza kichwa katikati yetu. Nilimwonyesha mkanda kwa mwiko, na hatukuondoka mpaka alipoufunga.

Tulipita mitaa ya kwanza vizuri. Fundi alisikiliza mwiko, akapunguza penye matuta, akasimama penye kivuko cha watoto wa shule. Kila nilipogonga kifundo cha mkono kiliniwaka moto, lakini sikutaka shemeji aone. Nyuma yangu nilimsikia akihema kama mtu anayezuia chafya.

Kisha tukaanza kuteremka mlima wa kuelekea sokoni. Nyuma yetu, karibu mno, likaja lori lililojaa mchanga. Nilikuwa nimeliona kwenye kioo changu. Mara upepo ukarusha boksi kubwa la katoni katikati ya barabara, mbele yetu kabisa.

"Simama! Kanyaga breki!" shemeji akapayuka.

Boksi lile lilikuwa likibiringika kama jani, tupu kabisa. Nikauweka mwiko mapajani. Nilimwona fundi akikaza usukani, mguu wake ukayumba kidogo juu ya breki, akasubiri. Sikugonga. Mguu ukarudi mahali pake. Tukalipondaponda boksi na kuendelea, na lile lori likatufuata likipiga honi ndefu, bila kuweza kupunguza mwendo mpaka tambarare.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku hiyo, kama tungelisikiliza, lingevuma juu ya mifupa yetu, kuanzia shingo ya aliyekaa nyuma.

Tuliegesha mbele ya duka la fundi. Shemeji alikuwa amegeuka kutazama lori likipotea, na jasho limemtiririka mpaka kwenye kola. Hatimaye akamuuliza fundi kwa nini hakusimama alipoambiwa.

"Nilikusikia, bosi," fundi akasema. "Lakini mwalimu alikuwa kimya."

Akachukua mkoba wake, akanipa mkono kwa upole kama wanavyonipa wanaojua, akaingia dukani.

Shemeji akashika usukani aturudishe shuleni. Njia nzima aliongea. Alieleza kwa nini mtu yeyote angepayuka pale, na kwamba yeye ana jukumu la shule, na kwamba lile dawati bado lipo endapo siku moja nitachoka. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokanyaga mafuta, na mzunguko wa barabara ulikuwa umeshatukaribia.

Nikauinua mwiko, nikagonga mara moja.

Akanyamaza, akapunguza mwendo.