Shefu wa Vibao

Kabla ya kibao, watu walimtafuta Émérence kwa kubahatisha. Nyumba za kampuni ya migodi kule Shituru, pembeni mwa mji wa Likasi, zilijengwa zote kwa kipimo kimoja, safu kwa safu, na namba zilizoandikwa milangoni enzi za Wabelgiji zilikuwa zimefutika zamani. Mwanamke aliyeshuka treni kutoka Kapolowe, tumbo limeshuka na uchungu umeanza, aliambiwa tu, "Uende kwa ule mukunga wa kule nyuma ya kiwanda." Hapo alibisha hodi kwa fundi viatu, akabisha kwa mlevi, na bado hajafika.

Émérence alikuwa mkunga wa kampuni kwa nusu ya maisha yake. Mishahara ilipokatika, dawa zikakatika, na mwisho hata mashuka yakakatika, alikunja aproni yake akarudi nyumbani. Hakulia. Alitoa viti sebuleni, akaingiza vitanda viwili, karai kubwa na jiko la makaa, akaanza upya. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, watoto wake wamekwenda Lubumbashi, na wanawake wa Shituru hawakuacha kuzaa eti kwa sababu nchi imeanguka.

Kibao kilichorwa na shemeji yake Philippe, aliyekuwa akipaka rangi vichwa vya treni karakanani. Philippe alipata kipande kizuri cha bati na mabaki ya rangi ya kijani. Akaandika MATERNITÉ, yaani nyumba ya kuzalishia, chini yake MAMA ÉMÉRENCE, na pembeni akachora mama aliyembeba mtoto, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mama alitoka vizuri. Mtoto alitoka kama mkate. Watu walicheka, lakini walielewa, na tangu siku kilipotundikwa kando ya barabara hakuna aliyepotea tena.

Basi mvua za mwaka wa tisini na nne zilipoanza, alikuja Octave.

Octave alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa koti la suti ambalo mikono yake ilimfika vidoleni, na tai shingoni katika joto lile. Komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa imemfanya shefu, mkubwa wa huduma ya vibao na matangazo ya nje. Barabara zilikuwa na mashimo ya kuzika ng'ombe, bomba zilikohoa hewa tupu, walimu wanalima mihogo ili wale, na serikali katika hekima yake ikaona kinachokosekana Likasi ni mtu wa kupima vibao. Alikuja na walinzi wawili na futi ya fundi cherehani. Alipima kibao kwenda juu, akakipima kwa upana, akapima hatua mpaka barabarani, akitikisa kichwa kama daktari aliyekuta uvimbe.

"Mama," alisema, "hii plake iko na ruhusa?"

"Ruhusa ya nani?"

"Ya serikali. Iko karibu sana na barabara. Ni mukubwa kupita kipimo. Na tena rangi." Akagusa herufi kwa ncha ya kidole. "Hii ni rangi ya bendera. Mutu hawezi kuitumia kwa kazi yake mwenyewe."

"Basi uende uambie na miti," alisema Émérence.

Walinzi waligeuza nyuso kuficha kicheko. Octave hakucheka. Mtu mdogo aliyepewa cheo kidogo hana nafasi ya kicheko. Yote imejaa cheo. Akawaamuru wakibandue, wakakibandua, na Émérence akasimama mlangoni mikono kiunoni akikitazama kikienda barabarani kichwani mwa mlinzi, yule mtoto wa mkate akiangalia mbinguni.

Angeweza kuacha. Lakini wiki ile ile mwanamke mmoja alijifungulia kwenye baraza ya yule mlevi, juu ya gunia, kwa sababu hakuona alama ya kumfikisha. Émérence akavaa kitenge chake kizuri, akaenda komini.

Ofisi ya Octave ilikuwa mwisho wa ujia. Wakati wa uporaji ulioukumba mji miaka michache kabla, watu walikuwa wamebeba viti, milango, hata waya za umeme ukutani. Octave alikaa juu ya kreti ya bia nyuma ya meza yenye miguu mitatu na tofali. Mlangoni palining'inia kipande cha karatoni, kimeandikwa kwa makaa: HUDUMA YA VIBAO. Herufi zilikuwa zimepinda kama watu wanaotoka matangani.

Émérence alikiangalia kile kipande cha karatoni kwa muda mrefu, ili Octave aone kwamba anakiangalia.

"Na hii iko na ruhusa?"

"Hii ni ya serikali," alijibu Octave.

"Naona. Inafanana nayo."

Octave akaanza kumsomea sheria. Aandike maombi. Achore ramani ya mahali. Alete cheti cha mtaa, halafu arudi mkubwa wa komini atakapokuwa amepona, maana yeye ndiye mwenye kutia sahihi. Na hata akileta yote hayo, muhuri haufanyi kazi; wino umekauka.

"Lakini weye mama," alisema, akiinamisha sauti kama anayemtendea wema, "uko na ile dawa ya zambarau. Ile ya maternite. Ukiniletea chupa moja, itakuwa wino, na plake yako itapigwa muhuri ya kwanza."

Émérence alikuwa na chupa moja tu. Aliipata kwa masista wa Kapolowe, akaitumia kwa tone, pamba ikiguswa tu, kwa sababu kitovu kibichi kisipotunzwa kinaua mtoto kabla hajapewa jina.

"Ile ni ya vitovu vya batoto," alisema polepole. "Haiko ya mihuri."

"Basi, sheria ni sheria."

"Minye nilikamata batoto wengi mu hii mikono, shefu. Bengine balikuja na vichwa vikubwa. Lakini hakuna hata mumoja alikuja na kichwa mutupu." Akageuka, akampa kisogo, akaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye alikwenda misioni ya Mulungwishi kuomba nguo kuukuu za kukata nepi. Aliporudi, badala ya kuzunguka na barabara, alikata njia juu ya tuta la reli. Kutoka pale unaona mapaa ya mtaa wote, mekundu kwa kutu, maana moshi wa asidi wa kiwanda unakula bati kama panya wanavyokula unga. Katikati ya kutu ile kulikuwa na paa moja la rangi. Émérence alisimama.

Lilikuwa limeezekwa kwa vibao. Kulikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye nywele za nyuzi, cha saluni ya sokoni. Kulikuwa na kinu cha mahindi, na kiatu chenye mabawa, na pembeni kabisa, juu ya chumba cha mbele, MATERNITÉ, MAMA ÉMÉRENCE, na mtoto wa mkate akinyeshewa. Aliyeezeka aligeuza upande wa rangi juu, kwa kuwa rangi inakinga bati dhidi ya asidi. Na mtaa mzima ulijua nyumba ile ni ya nani.

Émérence alicheka peke yake juu ya reli, akacheka mpaka akashika mbavu. Mpima vibao! Mlinzi wa rangi ya bendera! Kumbe sheria yote ile, futi na tai na walinzi, ilikuwa inatafuta mabati.

Kisha akaona kibao cha Georges, na kicheko kikakatika. Georges alikuwa fundi wa saa. Alizaliwa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, alilala na wanawe uwanjani pa stesheni pamoja na umati ule wote, akingoja treni. Aliondoka na sanduku moja. Saa aliyochorewa kwenye kibao chake ilikuwa bado inang'aa. Hata cha mtu aliyefukuzwa, Octave alikipima, akakibandua, akakipigilia misumari.

Philippe alipoambiwa, alitaka kwenda na ngazi jioni ile ile.

"Acha," alisema Émérence.

"Niache? Ni kintu yako!"

"Nikienda kumulomba kintu yangu, atajiona yeye ni mutu. Minye siwezi kumupa ile heshima."

Philippe alimwangalia. Alimjua shemeji yake. Dharau yake ilikuwa kama maji ya kisima, haionekani lakini haina mwisho. "Na ba mama benye kupotea?" aliuliza. "Beko na kosa gani?"

Usiku Émérence alilifikiria swali lile, likamkera, na asubuhi bado hakwenda.

Yaliyofuata yalikuja yenyewe. Joëlle, msichana wa Kapolowe mwenye mimba yake ya kwanza, alishuka treni na mama yake mkwe mvua ikiwa imeanza. Huko kwao waliambiwa watafute kibao cha mama na mtoto. Walipokuwa juu ya tuta wakakiona, kikubwa, kizuri, juu ya paa. Wakateremka, wakaingia moja kwa moja nyumbani kwa Octave, na Joëlle akajilaza kwenye godoro la sebuleni akiomba wamwitie mkunga.

Octave hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Martine. Martine hakuuliza ruhusa ya mtu. Aliweka maji jikoni, akamvua Joëlle viatu, akamtuma jirani akimbie.

Émérence alifika ameloa, mfuko wake chini ya kitenge. Alipouona mlango ule, midomo ilimkunjika, na alipomsalimu Martine hakumwangalia usoni. Mke wa mwizi, alisema moyoni. Lakini Martine alikuwa amekwisha kutandika nguo safi, tena nguo yake ya kanisani.

Mtoto alikuja na kitovu kimemzunguka shingo. Émérence alikitelezesha kwa kidole, akamvuta, akamshika miguu, akamsugua mgongo. Alikuwa wa buluu na kimya. Mvua ilipiga juu ya bati kama mawe. "Lia, weye," Émérence alimwambia. "Lia, huku kwetu kila mutu analiaka." Akampulizia kinywani, mara moja, mara ya pili, na mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bure. Mama mkwe alipiga magoti. Martine alijifuta macho kwa kiwiko.

Hapo ndipo Octave alipoingia, tai imemganda kifuani.

Aliangalia godoro lake. Aliangalia karai la damu, mtoto, majirani waliojaa mlangoni. Mtu mwingine angevua kofia. Octave alikohoa, akasema:

"Nani alitoa ruhusa ya kufanya maternite mu nyumba ya mukubwa wa serikali?"

Émérence alimaliza kufunga kitovu, akapaka tone lake la zambarau, akanyoosha mgongo.

"Plake iko juu, shefu," alisema. "Bale bamama banajua kusoma."

Mtu alicheka mlangoni, kisha wote wakacheka, mpaka yule mama mkwe aliyepiga magoti. Octave akamgeukia mkewe kutafuta msaada, lakini Martine alikuwa anamtazama kama mtu aliyekuta kitu ndani ya mchele.

"Uliniambia ulinunua," alisema Martine. "Minye nililala chini ya majina ya bantu, nikashukuru Mungu kwa paa."

Octave alitoka mbio uani, akachukua ngazi, akaanza kupanda katika mvua ile ile. Émérence akamfuata hadi mlangoni.

"Shuka!"

"Si unataka plake yako?"

"Mutoto iko chini yake. Unataka anyeshewe sababu ya haya yako? Shuka, ukae. Tangu uichukue, leo njo siku ya kwanza hii plake inafanya kazi."

Akashuka. Alikaa barazani na tai yake, akitiririka maji, mpaka mvua ikakatika, na hakuna aliyempelekea hata kikombe cha chai.

Kesho yake Octave alikileta kibao mwenyewe, kichwani, akipita safu zote za Shituru, na watu wakitoka nje kumwangalia. Alileta pia karatasi ya ruhusa, imesainiwa. Émérence alipokea kibao, karatasi akaiacha mkononi mwake.

"Ujifutie nayo mvua," alimwambia, akafunga mlango. Philippe alikitundika pale pale, karibu na barabara, kikubwa kupita kipimo.

Martine alikuja siku nyingine, na beseni la unga kichwani. Alisema wenye vibao wamekuja mmoja mmoja kuchukua vyao, na sasa yeye na mumewe wanalala jikoni, maana vyumba havina paa. Kile cha Georges amekivika gunia, huenda siku moja mtu wa ukoo wake akapita. Hakulalamika. Alisema tu angependa kujifunza kazi ya kukamata watoto. Émérence alikumbuka jinsi alivyomsalimu bila kumwangalia, akaona haya, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi. Akampa aproni.

Octave hakufukuzwa. Watu kama yeye hawafukuzwi, wanahamishwa. Baada ya Pasaka Martine aliingia asubuhi akasema komini imempa mumewe huduma nyingine, ya kukagua kengele za baiskeli, na kwamba amekwisha kujipatia filimbi ya kuwasimamisha waendeshaji.

Émérence alikuwa anachemsha nyembe. Alifyonya.

"Maskini baiskeli," alisema. "Lete ile karai, mama analia kule."