Mpaka wa Mwisho Apite

Mama yule alitokea bila hodi, akisukuma pikipiki yenye kioo kilichobandikwa kwa gundi, wakati wazee watatu wakijaza upepo kwenye matairi nyuma ya karakana. Alijieleza kwa kifupi: yeye ni mkunga mstaafu, pikipiki ameachiwa na mwanawe aliyehamia mbali, na kwenye kituo cha mafuta ameambiwa kuna wazee wanaopanda kilimani kwa njia za porini. Angependa kwenda nao.

Shemeji, aliyemwoa dada wa mwokaji, mzee wa tatu, na tangu hapo hana jina jingine, alimtazama juu mpaka chini, akauliza kama ameshawahi kuanguka. Mara nne, alijibu mama, na hiyo ni kutoka nyumbani tu. Kifaru, mwenye karakana, alicheka mpaka pampu ikamponyoka.

Mwokaji alicheka kidogo. Wiki ijayo angepasuliwa nyonga, na daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno kuwa baada ya hapo, pikipiki basi. Alitaka kufika kileleni na wenzake mara hii moja ya mwisho. Hata hivyo, alipomwona mgeni akijaribu breki mara ya tatu, alimsogelea akamweleza desturi yao: kila njia panda anabaki mtu mmoja, na haondoki mpaka wa mwisho apite.

"Ile ya mwisho, chini ya kilele, nitakaa mimi," alimwambia. "Utanikuta, dada."

Shemeji alipewa kazi ya kukaa mkiani, nyuma ya mgeni.

Walivuka makorongo, wakapita vichakani, matope yakiwarukia mpaka kwenye nyusi. Kwenye njia panda ya mwisho mwokaji alisimama kando. Kifaru akapita. Kisha akaibuka Shemeji, meno yote nje.

Mwokaji alimuuliza mama yuko wapi. Anakuja, alisema Shemeji. Alimpita kwenye mchanga, maana ule mwendo ungemuua kwa usingizi. Mwokaji alimwita mzee wa hovyo. Juu yao wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi, na wote wawili waliujua ule mpando wa kileleni: udongo mtupu, ukilowa haupandiki.

Shemeji aliacha utani. "Nenda wewe. Nitamsubiri mimi. Leo ni siku yako, shemeji yangu."

"Kumfuata tu umeshindwa, kumsubiri utaweza? Njia ya kushoto hapo inaishia korongoni. Nami nimemwambia atanikuta."

Shemeji alimshika bega, ndipo akapanda taratibu, kinyume na tabia yake.

Mwokaji alibaki na harufu ya petroli. Akakumbuka ujana wao, Jumapili zile ambazo zamu yake haikwisha mpaka mkate wa mwisho utoke tanurini. Wenzake walikuwa wakikaa nje juu ya magunia ya unga, wakilalamika, wakimtukana kupitia dirishani, lakini hata siku moja hawakupanda bila yeye. Hakuwahi kuwashukuru. Ungeanzia wapi?

Juu aliisikia pikipiki ya Kifaru ikikohoa, na ya Shemeji ikilia kwa sauti nyembamba. Zikazimika zote mbili. Wamefika. Alijikuta anatabasamu peke yake, kama vile naye ameketi pale kati yao.

Mvua ikashuka. Mpando ukageuka mfereji mwekundu. Nyonga ilimuuma, lakini hakukimbilia chini ya miti. Alisimama katikati ya njia, mahali pa kuonekana.

Mama alifika mwendo wa konokono, miguu ikiburuta, helmeti imekaa upande. Aliutazama mpando, akamtazama mzee aliyelowa chapachapa, akaelewa.

"Kaka, umekikosa kilele kwa ajili yangu?"

"Umechelewa kidogo tu," alisema mwokaji, akamfutia matope kwenye taa ya mbele. "Nilikwambia utanikuta."